Mizani Haisomi Maandishi: Historia na Uthamini wa Pete za Jiwe la Mwezi

Pete kuukuu inapofikishwa kwa mnunuzi wa dhahabu, iwe Muscat, London au Mombasa, hatua ya kwanza ni kuiweka kwenye mizani. Mizani haidanganyi, lakini inajua jambo moja tu, nalo ni uzito. Haiwezi kusoma herufi mbili na mwaka uliochorwa upande wa ndani wa pete, wala haijui kwamba kijiwe chekundu kilichokaa juu yake kilichaguliwa kwa kuwa aliyepewa alizaliwa Januari. Katika masoko ya dhahabu ya Ghuba na ya pwani ya Afrika Mashariki, desturi ya kubadilisha dhahabu kuukuu kwa mpya ni ya siku nyingi: mawe hung'olewa, au uzito wake hutolewa katika hesabu, kisha kilichobaki huyeyushwa. Kwa kidani cha harusi kilichonunuliwa kwa uzito, hesabu hiyo ni ya haki. Kwa pete ya jiwe la mwezi wa kuzaliwa, hesabu hiyo hiyo hufuta habari zisizopatikana tena mahali pengine.

Waswahili wanaoishi Uingereza na Marekani hukutana na vito vya namna hii kwa ndoa, kwa zawadi na kwa urithi. Wengi huuliza maswali mawili: je, ni vya kale kweli, na vina thamani gani? Maswali hayo hayajibiki bila historia, kwa sababu desturi yenyewe ya jiwe la mwezi ni changa kuliko inavyodhaniwa, na imebadilishwa mara kadhaa na watu waliokuwa na bidhaa ya kuuza. Anayeyajua mabadiliko hayo anaweza kuisoma pete kama mwanahistoria anavyosoma waraka.

Chanzo kinachotajwa zaidi ni kifuko cha kifuani cha Haruni, kinachoelezwa katika sura ya 28 ya Kitabu cha Kutoka: mawe kumi na mawili katika safu nne, kila jiwe likibeba jina la kabila moja la Israeli. Katika karne ya kwanza, mwanahistoria Myahudi Josephus aliyalinganisha mawe hayo na miezi kumi na miwili na nyota za falaki. Hata hivyo, hapakuwa bado na habari ya mtu na siku yake ya kuzaliwa. Kwa karne nyingi waliofuata wazo hilo waliyahesabu mawe yote kuwa mali ya mtu mmoja, avae hili mwezi huu na lile mwezi ujao. George Frederick Kunz, bingwa wa vito wa kampuni ya Tiffany, aliandika katika kitabu chake cha 1913 kwamba desturi ya mtu kuvaa jiwe moja tu, la mwezi aliozaliwa, ilianzia Poland katika karne ya 18. Wako wanaoirudisha nyuma zaidi, hadi Ujerumani ya karne ya 16. Kwa vyovyote vile, ni desturi ya Ulaya ya karne za karibuni, wala si ya zama za manabii.

Kilichoipa nguvu ni mapenzi ya karne ya 19 kwa vito vyenye ujumbe. Mwanzoni mwa karne hiyo, masonara wa Paris walitengeneza vikuku na pete ambazo herufi za kwanza za majina ya mawe yake ziliunda neno. Napoleon aliagiza vikuku vya aina hiyo kwa ajili ya jamaa zake. Msomaji wa tungo za pwani hatashangaa, kwa kuwa anazijua tenzi ambazo beti zake hufuata herufi za alfabeti ya Kiarabu moja baada ya nyingine. Waingereza waliuchukua mtindo huo na kuupenda sana. Pete yao mashuhuri ilipanga yakuti nyekundu, zumaridi, ganeti, amethisti, yakuti nyekundu tena, na almasi. Kwa majina ya Kiingereza, mawe hayo hutamka neno regard, yaani heshima na mapenzi. Pete nyingine ilitamka dearest, yaani mpenzi wa moyo.

Hapa ndipo mthamini anapopata somo lake la kwanza. Katika pete kama hiyo, jiwe ni herufi. Amethisti ikidondoka na mwenye pete akaweka yakuti samawi kwa sababu rangi yake inapendeza, neno limekatika. Dhahabu haijapungua, na huenda jiwe jipya ni ghali kuliko la awali, lakini pete imepoteza thamani yake sokoni na maana yake nyumbani. Ghali na sahihi si kitu kimoja.

Malkia Victoria, aliyezaliwa tarehe 24 Mei 1819, alichumbiwa kwa pete ya umbo la nyoka, na inaelezwa kwamba kichwani mwa nyoka huyo palikuwa na zumaridi, jiwe linalohesabiwa kuwa la Mei. Albert alipofariki Desemba 1861, malkia huyo huyo aliifanya huzuni kuwa vazi. Pete na bruchi za jeti nyeusi kutoka Whitby, zenye nywele za marehemu nyuma ya kioo, zilienea katika nyumba za matajiri na za watu wa kawaida. Kito cha hisia kilikuwa na nyuso mbili, ya furaha na ya msiba.

Biashara haikukaa mbali. Mwaka 1870 Tiffany walichapisha kijitabu chenye mashairi ya miezi na mawe yake. Orodha za wakati huo hazikupatana. Mji mmoja uliuza jiwe hili kwa Juni, mji mwingine lile. Ndipo mwaka 1912, katika mkutano wa chama cha masonara wa Marekani mjini Kansas City, orodha moja ikapitishwa ili wauzaji wote waseme neno moja. Waingereza walitoa orodha yao mwaka 1937. Mwaka 1952 Wamarekani waliirekebisha ya kwao: Juni ikaongezewa aleksandriti, Novemba sitrini, Oktoba turmalini ya waridi, na zirkoni ikachukua nafasi ya lapisi lazuli katika Desemba. Mwaka 2002 Desemba ikapewa tanzanaiti, na mwaka 2016 Agosti ikapewa spineli.

Mtu anaweza kuisoma historia hii na kukata tamaa: kumbe ni ujanja wa maduka. Lakini kwa anayetaka kujua umri wa pete, tarehe hizo ni neema. Pete ya Kimarekani ya Desemba iliyonunuliwa miaka ya 1920 hutarajiwa kuwa na feruzi au lapisi lazuli. Ya miaka ya 1960 huenda ikawa na zirkoni ya buluu. Na ikiwa mtu anauziwa pete ya zama za Victoria yenye tanzanaiti, basi moja kati ya mambo mawili ni kweli: jiwe limebadilishwa, au pete si ya zama hizo. Kabla ya mwaka 1967 tanzanaiti haikuwa ikijulikana sokoni popote duniani.

Jiwe hilo linastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndilo fundo linaloiunganisha orodha ya Kansas City na ardhi ya wasemaji wa Kiswahili. Lilipatikana mwaka 1967 katika vilima vya Mererani, Simanjiro, chini ya Kilimanjaro. Serikali ya Tanzania imemtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake. Vitabu vingi vya nje humtaja Manuel de Souza, aliyesajili eneo la kuchimba. Kitaalamu ni aina ya zoisaiti. Tiffany walilipa jina jipya mwaka 1968 kwa heshima ya nchi lilikotoka, nao ndio waliolitangaza. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia, kisha hutiwa moto hadi yakawa buluu ya zambarau, na jambo hilo ni la kawaida katika biashara yake. Upande wa pili wa jina hilo zuri ni mashimo. Mafuriko ya 1998 na ya 2008 yaliwaua wachimbaji wengi chini ya ardhi. Mwaka 2018 serikali ilizindua ukuta wa kilomita zipatazo 24 kuuzunguka mgodi ili kuzuia utoroshaji. Mwaka 2020 mchimbaji mdogo, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7 na zaidi.

Kwa hiyo Mtanzania aliyeko Ulaya anayempa binti yake wa Desemba pete ya tanzanaiti anafuata orodha iliyotungwa na wafanyabiashara wa Marekani, kwa jiwe lililopewa jina New York, ambalo bado ni la nyumbani kwake. Desturi ni ya kuazima. Jiwe si la kuazima.

Spineli ya Agosti nayo ina hadithi inayomrudisha msomaji kwenye Kiswahili chenyewe. Neno yakuti tulilipata kwa Waarabu, na zamani lilibeba mawe ya rangi nyingi. Katika karne ya 11, Al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya vito, akapima uzito wa mawe kwa kulinganisha na maji, na akaitenga yakuti nyekundu na jiwe jekundu la Badakhshan lililoitwa laal. Jiwe hilo ndilo spineli. Ulaya ilichelewa kulielewa jambo hilo: jiwe kubwa jekundu lililoko mbele ya taji la kifalme la Uingereza, lililojulikana kwa karne nyingi kama yakuti ya Black Prince, ni spineli. Leo miongoni mwa spineli zinazosifiwa sana kwa rangi ni za Mahenge, Tanzania. Somo kwa mthamini ni lile lile la Al-Biruni: rangi ni dai tu, na kipimo ndicho ushahidi.

Somo hilo lina uzito zaidi kwa vito vya karne ya 20. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza yakuti nyekundu kwa kuyeyusha unga katika ndimi za moto. Baada ya miaka michache mawe ya kiwandani yalijaa sokoni kwa bei ya chini, na pete za jiwe la mwezi, ambazo zililengwa kwa watu wa kipato cha kawaida, zikawa wateja wake wakubwa. Jiwe la Machi linaloonekana kama akwamarini mara nyingi ni spineli ya kiwandani. Jiwe la Juni linaloitwa aleksandriti, linalogeuka rangi mbele ya taa, mara nyingi ni korundi ya kiwandani iliyotiwa vanadi. Mtaalamu hulijua jiwe la Verneuil kwa mistari yake iliyopinda kama ya sahani ya santuri, na wakati mwingine kwa viputo vya hewa. Katika jiwe la ardhini mistari ya ukuaji hunyooka au hukunjika kwa pembe.

Habari hiyo inapotolewa, chumba cha mthamini hujaa kimya. Mtoto aliyemsikia mama yake akiisifu aleksandriti yake kwa miaka arobaini huambiwa kwamba jiwe lilitengenezwa kiwandani. Ni rahisi kudhani kwamba mtu alidanganywa. Mara nyingi haikuwa hivyo. Mawe hayo yaliuzwa waziwazi, na jina la jiwe lilitajwa kuwa rangi ya mwezi tu. Soko halitalipa sana kwa jiwe hilo, na mthamini mwaminifu hana budi kulisema. Hata hivyo, kwa mwanahistoria, pete hiyo inaeleza hasa kile ambacho mfanyakazi wa zama zake alimudu kukitoa katika mshahara wake ili kumwambia mtu kwamba siku yake ya kuzaliwa inakumbukwa. Chanda chema huvikwa pete, wahenga walisema. Hawakusema pete ya bei gani.

Uthamini wenyewe una utaratibu. Kwanza husomwa mihuri. Pete ya Uingereza huwa na alama ya mji ilikopimwa, kichwa cha chui kwa London na nanga kwa Birmingham, pamoja na herufi ya mwaka. Dhahabu ya karati 15 iliruhusiwa huko kuanzia 1854 na kuondolewa 1932. Kwa hiyo muhuri wa 15 peke yake unaifunga pete ndani ya miaka hiyo. Marekani haikuwa na ofisi za kupima za namna hiyo. Sheria ya 1906 ilikataza chapa za uongo, na tangu 1961 chapa ya karati hutakiwa kuambatana na alama ya mwenye kuitengeneza. Pili hutazamwa nyuma ya jiwe. Mgongo uliozibwa kwa dhahabu huashiria mtindo wa zamani, na huenda chini yake mna karatasi nyembamba ya madini iliyowekwa ili jiwe ling'ae. Tatu hutafutwa matengenezo: alama ya kulehemu pale pete ilipopanuliwa, kucha mpya za kushikia jiwe, jiwe moja lisilolingana na wenzake. Mwisho husomwa maandishi ya ndani, kwa lenzi na mwanga wa pembeni, kwa sababu yale yaliyolika kwa kuvaliwa huonekana tu mwanga ukija kwa ubavu.

Kisha huja tarakimu, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Thamani ya bima ni gharama ya kupata kitu kinachofanana dukani, na huwa kubwa. Thamani ya soko ni kiasi ambacho mnunuzi atatoa leo, na huwa ndogo zaidi, pengine kwa mbali. Thamani ya mirathi hufuata soko la siku ya kufariki kwa mwenye mali. Hati moja haiwezi kutumika kwa kazi zote tatu. Warithi wanaogawana kwa kufuata hati ya bima hugawana kiasi kisichokuwapo. Mapenzi hayaingii katika yoyote kati ya tarakimu hizo, wala hayapaswi kuingizwa. Yana mahali pake, nayo ni katika uamuzi wa nani apewe pete na nani apewe fedha. Aidha, ni busara mthamini asiwe ndiye mnunuzi, kwa maana mtu hawezi kuwa hakimu na mdai katika shauri moja.

Matunzo hufuata elimu hiyo hiyo. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ya nyuzi nyororo vinatosha kwa ganeti, yakuti na almasi ambazo mgongo wa fremu zake uko wazi. Pete yenye mgongo uliozibwa isitumbukizwe majini kamwe: maji yakiingia chini ya jiwe hulifanya jeusi, na kilio hakilirudishi. Vilevile kito chenye nywele chini ya kioo hufutwa kwa kitambaa kikavu tu. Lulu na feruzi huharibiwa na manukato, mafuta na jasho. Huvaliwa mwisho na kuvuliwa kwanza, jambo la kuzingatiwa katika nyumba ambazo udi na marashi ni sehemu ya kuvaa. Zumaridi nyingi zimetiwa mafuta ili kuficha nyufa, na mashine za kusafishia kwa mitetemo huyatoa. Tanzanaiti ina ugumu wa 6 hadi 7 tu katika kipimo cha Mohs na hupasuka kwa urahisi upande mmoja. Mashine hizo, mvuke na mabadiliko ya ghafla ya joto ni adui zake. Fundi anayepanua pete kwa moto lazima kwanza aambiwe ni jiwe gani lililo juu yake. Almasi ihifadhiwe peke yake, maana hukwaruza kila jirani.

Na kuna adui mmoja asiyedhaniwa, naye ni mng'aro. Kila mara pete inaposuguliwa kwa mashine hupoteza dhahabu kidogo, na maandishi hutangulia kuondoka. Pete nyingi za karne ya 19 zimebaki na kivuli cha jina tu, si kwa sababu ya mvaaji, bali kwa sababu ya fundi aliyetaka zionekane mpya. Mkwaruzo wa miaka mia ni sehemu ya waraka.

Hata pete iliyohifadhiwa vizuri huweza kunyamaza. Jiwe la mwezi humwambia mgeni kwamba mtu fulani alizaliwa Oktoba. Halimwambii ni nani. Mwenye kujua akifariki bila kusema, pete inarudi kuwa gramu na karati, na mnunuzi wa dhahabu hana kosa akiiyeyusha. Hivyo kazi ya mwisho ya matunzo haifanywi kwa brashi bali kwa kalamu: picha ya pete pande zote, nakala ya maandishi ya ndani, jina la aliyeivaa, mwezi wake, aliyempa na mwaka, pamoja na kila jiwe lililobadilishwa na sababu yake. Karatasi hiyo ikunjwe na kuwekwa katika kijaluba kimoja na pete. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika vito vya aina hii, habari ndiyo mali yenyewe.